Sinema ya Chini ya Paa: Jibu kwa Wanaofunga Mlango wa Nyumba na Kuacha wa Kibanda Wazi



Ndugu zetu wazazi, nanyi wanafunzi wetu,

Wapo wazee wetu hapa Gurei wanaojisifu barazani kwamba nyumbani kwao hakuna TV na haitaingia. Tunawaheshimu, na nia yao tunaijua ni njema. Lakini tunawauliza swali moja tu: baada ya Magharibi mwanao yuko wapi? Sisi tunaomsomesha tunajua alikokuwa, maana asubuhi yake ndiyo habari wanayohadithiana kabla hatujafungua msahafu. Alikuwa banda la video, amebanwa kwenye benchi baina ya watu wazima asiowajua, akitazama picha ambayo hakuna mtu wa nyumbani kwake aliyeichagua. Kiingilio kimetoka kwenye chenji ya sukari. Nyumba haina TV, ni kweli kabisa. Mtoto anayo.

Msimamo wetu tunautaja mapema ili tusiambiwe tumezunguka mbuyu. Familia ijitengenezee chumba chake cha kutazamia, kwa pesa kidogo, ndani ya nyumba yake, hata kama chumba chenyewe ni kile cha juu ambacho paa lake linashuka mpaka magotini. Hilo ni bora mara mia kuliko kujivunia nyumba tupu huku watoto wanalelewa na kibanda.

Mabanda haya hayakuzuka Juba peke yake. Uganda yapo tangu zamani, na huko amezaliwa yule mtu anayeitwa vijei, anayekaa na maikrofoni na kuitafsiri sinema ya Marekani au ya China kwa Kiganda huku inaendelea, akitia na mizaha yake. VJ Jingo amejulikana kwa kazi hiyo hadi nje ya mipaka. Kenya wanaye DJ Afro, Tanzania walikuwa wakimsikiliza Lufufu. Dar es Salaam mabanda yenyewe huitwa vibanda umiza, na aliyewahi kukaa humo saa mbili juu ya ubao mwembamba hahitaji kuelezwa kwa nini. Ndugu zetu waliokaa ukimbizini Uganda na Kenya wamerudi na mazoea hayo, na hatuwalaumu. Tusiwadhulumu watafsiri pia: ni ustadi, na wengi wetu Kiswahili chetu kimepata chumvi kutokana nao. Ubaya wa kibanda ni kwamba anayechagua picha ni mwenye kibanda, na yeye anachagua kwa hesabu ya viti, si kwa hesabu ya umri wa aliyekaa kitini.

Kisha angalieni nani hayumo mle. Binti zenu hawamo. Mama zao hawamo. Tarehe 20 Julai 2024, timu yetu ya mpira wa kikapu ilicheza na Marekani mjini London, nchi changa kuliko zote duniani dhidi ya mabingwa, na ikafungwa kwa pointi moja tu, 101 kwa 100, tena kwa kikapu cha LeBron James katika sekunde za mwisho. Siku nane baadaye, tarehe 28, katika Olimpiki ya Paris, tukaifunga Puerto Rico 90 kwa 79, baada ya waandaaji kutupigia wimbo wa taifa wa Sudan badala ya wetu! (Waliomba radhi wakaupiga ulio sahihi.) Nchi nzima ilikuwa inazungumza habari hiyo. Wavulana wetu waliiona kwa macho yao. Wasichana wengi waliipata kwa kusimuliwa na kaka zao. Je, ndugu mzazi, hii ndiyo hifadhi uliyokusudia? Mvulana anaona kila kitu, na kizuri na kichafu, na msichana haoni hata kizuri.

Wazee wa pwani walilijua jambo hili kabla yetu. Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam zilikuwa na majumba ya sinema tangu enzi za wakoloni, na wateja wao wakubwa wakiwa Waislamu. Yalipangwa maonyesho ya wanawake watupu, mama akatoka na buibui lake pamoja na binti zake na majirani, wakakaa kwa raha wakalia na kucheka na picha za Kihindi, wakarudi nyumbani. Hawakusema sinema ni ya wanaume basi. Zanzibar ikawa na televisheni ya rangi mapema katika miaka ya 1970, wakati Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi miaka ya 1990. Tunataja haya kwa sababu kuna watu wakiona skrini wanadhani Uislamu umekutana nayo jana. Haukukutana nayo jana. Kilichoulizwa siku zote ni nani anakaa na nani, wanatazama nini, na wanarudi saa ngapi.

Sasa tugeukie upande wa pili, maana wapo na vijana wetu wenye pesa kidogo ambao hawatupi raha. Hawa wakisikia tunasema chumba cha kutazamia wanakuja na orodha: chumba kiwe cha mraba, TV iwe ya inchi 75, spika saba ukutani, sabufa ya kutikisa mtaa. Mwenye chumba cha juu chenye paa la mshazari wanamwambia hakifai, abomoe au asubiri ajenge kingine. Huu ni upotoshaji, na tunasema hivyo bila kumumunya maneno. Chumba cha mraba ni kibaya kwa sauti kuliko vyumba vyote. Kuta zake ziko sawasawa, kwa hiyo mngurumo unajirudia mahali pamoja na unasikia besi imevimba upande mmoja na kupotea upande mwingine. Paa la mshazari linairusha sauti pembeni badala ya kuirudisha moja kwa moja sakafuni, na ule mwangwi wa kuchapana unapungua wenyewe. Mwenyezi Mungu amekupa bure kitu ambacho wenye studio wanalipia mafundi wakitengenezee.

Na chumba chembamba kirefu kina kosa gani? Nendeni Lamu au Mji Mkongwe mkaone nyumba za mawe. Vyumba vyake vina upana wa mita mbili na nusu au tatu hivi, kwa sababu dari ilibebwa na boriti za mikoko na boriti haziruki zaidi ya hapo. Urefu wanauacha uende. Watu wamekaa humo mamia ya miaka, wakazaa, wakasomesha. Chumba cha namna hiyo ukikiwekea picha kwenye ukuta wa kichwani, ule mwembamba, tayari kimekuwa jumba la sinema, maana majumba ya sinema yenyewe ni marefu vilevile.

Nyumba nyingi za Gurei hazina ghorofa, tunajua. Lakini wapo waliojenga siku hizi wakapandisha kuta, na juu ya dari pakabaki nafasi ya kutupia magunia, na wapo wenye stoo ya juu ya duka. Katikati mtu anasimama, pembeni anatambaa. Hapo ndipo tunapopataka. Hata asiye na chumba cha juu, mengi tutakayoyasema yanafaa pia katika kile chumba cha pembeni ambacho bati lake limelala upande mmoja.

Picha iwekwe kwenye ukuta wa mwisho, ule wenye umbo la pembetatu, ambapo katikati pana kimo. Msiiweke kamwe kwenye mshazari wa paa. Picha itapanuka upande mmoja na kubana upande mwingine, na kile kitufe cha kuinyoosha kilichomo ndani ya projekta kinainyoosha kwa kuikata, ukapoteza ukali ambao tayari ulikuwa mdogo. Ukuta upigwe lipu laini, upakwe rangi nyeupe isiyong'aa, mikono mitatu. Pembeni mwa picha weka ukanda wa kitambaa cheusi. Jicho litaiona picha kama imeongezeka mwanga. Shuka jeupe linafaa kwa kuanzia, likivutwa likakaza, ila upepo ukipita waigizaji wote wanacheza ngoma.

Watu wakae chini. Hapa ndipo tunapowashinda hao wa orodha, maana makochi yao hayaingii chini ya paa la magotini na sisi tulikuwa tunakaa chini tangu hapo. Jamvi, mito, godoro kuukuu lililokunjwa likaegemezwa ukutani, na angareb moja nyuma kwa ajili ya bibi. Wafupi wakae pembeni, warefu katikati chini ya kenchi. Zile mbao za kenchi zifungwe vitambaa kwenye kona, kabla hazijampasua mtu kichwa gizani.

Kuhusu projekta, someni hapa taratibu, kwa kuwa ndipo watu wanapoibiwa. Kwenye boksi imeandikwa lumeni elfu tisa, au elfu kumi na mbili. Namba hizo hazina maana. Kipimo kinachoaminika kinaitwa lumeni za ANSI, na mashine ndogo inayojiita elfu tisa mara nyingi ukiipima kwa kipimo hicho inashuka mpaka mia mbili au tatu. La pili, imeandikwa inapokea picha ya 1080. Kupokea si kuonyesha! Nyingi za bei ya chini zina vinukta vyao wenyewe 800 kwa 480 tu. Zinaipokea picha nzuri na kuitoa yenye ukungu. Muulize muuzaji, pale Konyo Konyo au Custom, vinukta vya asili ni vingapi. Akibabaika, mwambie akuwekee ukurasa wenye maandishi madogo. Usiposoma, weka pesa yako mfukoni. Yenye 1280 kwa 720 halisi inatosha familia, mradi chumba kiwe giza na picha isizidi upana wa mita moja na themanini. Kwa kawaida utahitaji kuiweka umbali wa kiasi cha mita mbili na nusu kutoka ukutani. Bei hatuziandiki. Pauni yetu haikai mahali pamoja wiki mbili.

Na kama familia ni ya watu wanne, msijitaabishe na projekta. TV ya mkono wa pili ya inchi 32 juu ya kasha, watu wamekaa chini mita moja na nusu mbele yake, ni sinema kamili na inakula umeme kidogo. Hili wauza projekta hawalisemi.

Spika mbili zinatosha. Tunarudia, mbili. Ziweke kushoto na kulia kwa picha, juu ya vigoda, kimo cha masikio ya mtu aliyekaa sakafuni, na umbali baina yake uwe karibu sawa na umbali wa kutoka kila moja hadi kwa watazamaji. Nyuma yao tundika blanketi zito. Ama sabufa, sisi ni maadui zake na hatufichi. Besi haizuiwi na blanketi wala godoro wala trei za mayai zile ambazo vijana hubandika ukutani wakadhani wamejenga studio. Inapita kwenye tofali, inapita kwenye bati, inamfikia jirani mwenye mtoto mchanga na mzee anayejiandaa na tahajudi. Haki ya jirani haipunguzwi kwa sababu wewe uko kwako. Dawa yake ni moja, kuipunguza, na bora usiinunue.

Joto nalo lina wapinzani wetu wanaosema chumba cha chini ya bati ni tanuri. Mchana ni tanuri kweli. Februari na Machi joto la Juba hufika nyuzi 38 kivulini na kuzidi, na hewa ya moto yote hupanda huko juu. Basi nani kakuambia utazame mchana? Chumba hiki ni cha baada ya Isha. Chini ya bati tandaza dari ya mikeka ya matete au mafunjo, ukiacha nafasi ya shubiri moja kati ya mkeka na bati, na acha matundu wazi pande zote mbili za paa ili hewa ipite juu ya mkeka na kutoka. Mkeka huo huo unapunguza mwangwi. Taa ya mafuta na mshumaa visiingie humo kabisa, na nyaya zisifichwe ndani ya mkeka. Msimu wa mvua, mvua ikipiga bati kwa nguvu hakuna spika itakayoishinda. Zimeni, mwacheni bibi ahadithie. Sisi tumeona watoto wakiomba mvua iendelee.

Umeme si kisingizio. Fanyeni hesabu pamoja na watoto wenu wa darasa la sita, ni zoezi zuri. Betri ya volti 12 yenye Ah 100 ina wati-saa 1,200. Betri ya risasi usiimalize zaidi ya nusu, itakufa mapema, basi umebaki na 600. Projekta ndogo wati 70, spika wati 20, jumla 90. Ukitoa zinazopotea kwenye inveta unapata kama saa tano na nusu. Hizo ni sinema mbili na akiba ya taa. Paneli ya sola ikiijaza mchana, hamna haja ya kununua hata lita moja ya petroli. Anayetumia jenereta aiweke mbali na nyumba, mdomo wake wa moshi ukielekea nje, isiwe barazani wala chini ya dirisha. Moshi wake una hewa isiyo na harufu wala rangi, inayoua watu wamelala. Betri pia isikae chumbani na watoto.

Kuna mzazi aliyetuambia, "Ustadhi, mnahangaika bure, simu inatosha, kila mtoto anayo." Bwana mkubwa, hicho ndicho kibanda kibaya kuliko vyote! Kile cha mtaani angalau kina watu arobaini, mmoja wao anaweza kuona aibu akasema zimeni. Cha simu kina mtu mmoja, chini ya shuka, usiku wa manane. Ukutani picha ina upana wa karibu mita mbili, na mama yako amekaa nyuma yako. Hakuna mtu atakayechagua upuuzi mbele ya mama yake. Ndiyo maana tunasema rimoti iwe mkononi mwa mama. Baba wengi wa Gurei wakishika rimoti ni mpira mpaka alfajiri, tuseme kweli.

Mwingine akasema watoto wataacha kusoma. Wanaacha sasa, wakiwa kibandani. Chumba cha nyumbani kina ufunguo, na ufunguo una ratiba: usiku mbili kwa wiki, kazi za shule na hifdhi zikiwa zimesikilizwa kwanza, na saa nne kila mtu kitandani. Wanafunzi wetu wakubwa wanaomaliza sekondari wanaweza kukitumia siku nyingine kwa masomo ya video ya fizikia na baiolojia. Kuwatazamisha nini? Anzeni na vinavyojulikana. Ile filamu ya Moustapha Akkad ya mwaka 1976 juu ya mwanzo wa Uislamu ilipigwa mara mbili, kwa Kiarabu na kwa Kiingereza, na waigizaji tofauti. Wekeni ya Kiarabu usiku mmoja na ya Kiingereza usiku mwingine, waulizeni watoto nani amemwigiza Hamza vizuri zaidi. Mtashangaa ubishi wake. Yake nyingine juu ya Omar Mukhtar na vita vya Libya dhidi ya Waitaliano inafaa wakubwa, ina mauaji. Na mechi za taifa, bila shaka, binti zikiwa safu ya mbele.

Wale wazee wa barazani watatwambia tumeleta fitina ndani ya nyumba. Tunawaomba kitu kimoja tu kabla hawajatuhukumu: Ijumaa hii, baada ya Magharibi, wapite wenyewe kwenye mabanda ya mtaani kwao, wahesabu ni watoto wangapi wanaowajua kwa majina, kisha waje tuzungumze. Madrasa tuko hadi Isha, na chai ipo.

Wabillaahi tawfiiq.